Sura ya Sita: Malimao Mawili Kwenye Ndoo

"Nyoosha mikono," alisema Inspekta Epifania Shirima.

Ambrosi akaipitisha mikono yake katikati ya nondo za mahabusu. Viganja vilikuwa rangi ya tofali la kuchoma. Kucha zote kumi nazo zilikuwa hivyo hivyo, kuanzia kwenye nyama mpaka kwenye ncha. Koplo Filemon, aliyekuwa amesimama nyuma na kikombe chake cha chai, alicheka kwa pua.

"Afande, chupa ya hina imevunjwa, mikono ya hina hii hapa. Sasa unataka aje na cheti?"

"Kunywa chai yako, Filemon."

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Jumatano jioni, mzee Sirili, mlinzi wa ile maabara ndogo ya mimea nyuma ya maghala ya zamani ya kahawa, alikutwa amelala sakafuni, kichwa kimepasuka. Pembeni yake kulikuwa na chupa iliyovunjika, na maji yake mekundu yametapakaa mpaka chini ya kabati. Daftari la utafiti lilikuwa limechukuliwa. Mlango haukuvunjwa. Mpaka leo mzee alikuwa hospitali, hajafungua jicho. Alhamisi asubuhi polisi walimkamata Ambrosi nyumbani kwake mtaa wa Pasua, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo, na kwa sababu ya mikono.

"Mkuu wetu, Afande Thadeus, amesema jalada lako linaondoka hapa saa kumi na moja jioni kwenda kwa wakili wa serikali," Epifania alimwambia. "Kujaribu kuua. Mzee akifariki, ni mauaji. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Hiyo rangi umeipata lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Mimi ndiye natwanga majani. Nikimaliza ya leo, kesho natwanga mengine."

"Unaioshaje?"

Ambrosi akamwangalia kama mtu aliyeulizwa mvua inafutwaje. "Haioshwi, afande. Ukihangaika nayo ndiyo unaharibu. Inaisha yenyewe, inatoka na ngozi."

"Nani mwingine mzee Sirili angemfungulia mlango jioni?"

Hapo Ambrosi akarudisha mikono yake ndani. Akaikunja. Akaangalia vidole vya miguu.

"Sijui, afande."

Epifania alisubiri. Alikuwa na tabia hiyo. Anauliza, halafu ananyamaza mpaka mtu mwenyewe aone aibu. Lakini Ambrosi hakuona aibu. Alikaa chini, akageukia ukuta.

"Anajua," Filemon alisema walipotoka nje.

"Ndiyo, anajua. Ila anayeficha jina la mtu siyo lazima awe anaficha lake."

*

Daktari Khyati aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini na tano, macho yamemvimba. Mtaani alikuwa amesikia kwamba mzee Sirili kapigwa shoka, na usingizi ungetoka wapi, wakati mzee huyo alikuwa anamletea kila Jumatatu ndizi za kihamba chake, shamba la nyumbani.

"Shoka siyo, daktari," Epifania alisema. "Alisukumwa. Kichwa kimegonga kona ya hii meza. Nywele zake tumezikuta hapa."

"Basi aliyefanya hakupanga kuua?"

"Alipanga kuiba. Hebu niambie, ndani ya hilo daftari kulikuwa na nini cha kuibwa?"

Khyati akavuta stuli, akakaa. Akachukua jani moja kavu kwenye trei, dogo, la kijani lililofifia.

"Watu wanaona hina ni urembo. Lakini ndani ya hili jani kuna kitu kinaitwa lawsoni. Ndicho kinachotoa rangi. Kinashika ngozi, kinashika kucha, kinaganda hapo hapo. Sasa wale wanaofanya kazi kwenye mashamba ya miwa, miguu inashinda kwenye maji, vidole vinaoza kwa fangasi. Tuliweka fangasi wale kwenye visahani, tukawawekea maji ya hina. Wengi waliacha kukua."

"Kumbe ni dawa."

"Kwenye kisahani, Inspekta. Kisahani siyo mtu. Huenda tukapata dawa nzuri ya kupaka, ndiyo ndoto yangu. Ila ya kupaka!" Akalirudisha jani kwenye trei. "Wiki iliyopita tulijaribu kwenye damu. Kuna watu wamezaliwa na damu isiyovumilia. Kwa watu hao lawsoni inapasua chembe nyekundu. Mtu wa hivyo akiinywa, anaweza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, halafu anaishiwa damu. Mtoto anaweza kufa. Niliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: isinywewe na mtu yeyote. Jumatatu ijayo nilikuwa napeleka taarifa kwa wanaotulipia utafiti."

"Nani alikuwa anajua?"

"Mimi, Ambrosi, na Rachel wa ofisini. Niliwaambia Jumatano mchana, wakati namalizia kuchuja ile chupa. Walikuwa mlangoni hapo, sikuwaruhusu kuingia."

Epifania akazunguka chumba. Sakafu ilikuwa imeshapigwa deki, lakini doa lilibaki, limekuwa jeusi kwenye mistari ya saruji. Akafika kwenye sinki. Chini yake kulikuwa na ndoo ya taka ambayo watu wa alama za vidole hawakuigusa. Akaivuta kwa mguu. Juu kabisa kulikuwa na malimao mawili, yamekatwa nusu nusu, yamekamuliwa mpaka yamegeuka ndani nje. Yameanza kukauka. Kingo zake zilikuwa na wekundu.

"Ya chai hayo," Filemon alisema. "Mti uko pale getini, hata mimi nimechuma mawili."

"Chai gani inanywewa kwenye sinki la maabara? Weka kwenye mfuko."

"Malimao, afande?"

"Nusu zote nne. Na yako mawili uyarudishe."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, akaingia mwanamke mrefu, koti jeupe, glavu za mpira mikononi, amebeba boksi la chupa tupu. Huyu alikuwa Rachel Makundi, msimamizi wa ofisi na mauzo.

"Karibuni. Poleni na kazi. Mzee anaendeleaje jamani?"

"Bado hajaamka," Epifania alisema. "Jumatano uliondoka saa ngapi, dada?"

"Saa kumi kamili. Nilimwacha Ambrosi anafagia. Nikaenda zangu kanisani, kwaya." Akatua boksi. "Ambrosi mtu mpole, mimi mwenyewe siamini. Lakini shida zinabadilisha watu."

"Leo uko kazini mpaka saa ngapi?"

"Natoka saa tano. Nimealikwa kwenye mehendi ya Komal, mdogo wake daktari. Anaolewa Jumapili." Akacheka kidogo. "Nitapakwa hina kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, fikiria. Naifanyia kazi mwaka wa pili, sijawahi kuitia hata kidoleni."

"Si utamu huo," Filemon alisema. "Na mume akuone mpya."

"Mume gani, koplo? Wewe una mtu?"

Wakacheka. Epifania hakucheka, alikuwa anakunja ule mfuko wa malimao.

*

Saa nne na nusu simu ikalia. Zahanati moja ya Kibosho ilikuwa imempokea mama mmoja tangu jana, mkojo kama kahawa. Anasema alikunywa "maji ya hina ya kusafisha damu", amenunua sokoni kwa Efraimu.

Barabara ya Kibosho iliwarusha mpaka Filemon akagonga kichwa kwenye dari la gari. Efraimu walimkuta kwenye banda lake, kati ya muuza ndizi na muuza viatu, anamsifia mteja chupa kwa sauti ya mhubiri. Mikono yake ilikuwa myeusi tii, mpaka kwenye viwiko.

"Huyo hapo," Filemon alinong'ona. "Mikono hiyo, afande! Mikono hiyo!"

Epifania akaishika mikono ya Efraimu, akaigeuza kwenye jua. Akanusa.

"Hii ni nini?"

"Piko, mama. Asubuhi nimewapaka ndevu wazee watatu. Kuna mazishi ya mtu mkubwa kesho, kila mzee anataka kuwa kijana." Akajaribu kutabasamu. "Nikuwekee na wewe? Mbele hapo naona mvi mbili."

"Hizo mvi zina cheo, ziache. Hina nyeusi haipo, Filemon. Hii ni rangi ya dukani." Akaokota chupa kwenye meza. Karatasi yake ilikuwa imepigwa chapa vizuri: jani la kijani, maandishi ya dhahabu, vijiko viwili kutwa mara tatu. "Umetoa wapi?"

"Naletewa."

"Na nani? Kuna mama yuko zahanati hapo juu anakojoa damu kwa sababu yako."

Efraimu akafuta mikono kwenye suruali. Akakaa juu ya kreti.

"Mimi nawaambia watu ni dawa kwa sababu nimeambiwa ni dawa," alisema polepole. "Anazileta kijana mmoja wa Pasua kwa pikipiki. Ambrosi. Boksi limefungwa na gundi. Kila nikimuuliza ananiambia, mimi nimetumwa tu."

"Ametumwa na nani?"

"Hasemi. Haki ya Mungu hasemi."

Filemon akapiga paja. "Basi! Ambrosi anaiba maji maabara, anauza huku. Daktari anaandika isinywewe, biashara inakufa. Anaiba daftari. Mzee anamkuta. Afande, tumemaliza, turudi tukale."

Ilikaa vizuri hadithi hiyo. Ilikaa vizuri mno. Epifania aliagiza chupa zote zichukuliwe, akapiga simu kituoni, akamwomba askari wa zamu amuulize Ambrosi swali moja: maboksi ya Kibosho alikuwa anatumwa na nani. Jibu lilirudi baada ya dakika tano.

"Analia, afande. Hasemi, analia tu."

Saa saba na robo. Afande Thadeus naye akapiga.

"Epifania, nimesikia habari za Kibosho. Hongera. Nafunga jalada."

"Umenipa mpaka saa kumi na moja, afande."

"Kwani kumebaki nini?"

Epifania akauangalia mfuko uliokuwa juu ya dashibodi. "Malimao, afande."

"Saa kumi na moja," Thadeus alisema, akakata.

"Mimi ningemjibu alama za vidole," Filemon alisema. "Hata uongo. Lakini malimao!"

"Mtu alisimama kwenye lile sinki akakamua malimao mawili. Kwa nini?"

"Kutoa doa. Mama yangu mpaka leo, ukijipaka utomvu wa ndizi, anakusugulia limao na chumvi. Kila nyumba huku mlimani ndivyo wanavyofanya."

"Ndiyo. Na Ambrosi asubuhi amesema nini kuhusu kuiosha?"

Filemon akageuka kuuangalia mfuko wa malimao.

"Amesema haioshwi," Epifania alisema. "Mtu mwenye mikono ya hina mwaka wa pili anahangaika nini na limao kwa ajili ya tone jingine? Tunamtafuta mtu ambaye mikono yake ilikuwa safi. Endesha."

*

Nyumba ya kina Komal ilikuwa imejaa tangu getini. Viatu vya wanawake vilikuwa vimepangwa barazani kama sokoni, na ndani kulikuwa na ngoma, vicheko, harufu ya hina mbichi na sambusa. Saa tisa na nusu. Khyati aliwapitisha kwa mlango wa jikoni, akamwonyesha Filemon sahani, na Filemon hakuonekana tena kwa muda.

Komal, bibi harusi, alikuwa amekaa kwenye mto mkubwa, mikono na miguu imefunikwa na hina iliyoanza kukauka. Mbele yake alikuwa shangazi yake, mama Lata, mwanamke wa miaka sabini hivi, mnene, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa anachovya pamba kwenye bakuli na kumgongagonga nayo mkononi, taratibu, kama anayempanguza mtoto machozi.

"Shikamoo mama," Epifania alisema.

"Marahaba, askari wetu. Kaa. Umekula?"

"Nitakula. Hapo unamfanyia nini?"

"Limao na sukari."

Epifania alikuwa anainama kukaa. Alibaki hapo hapo, nusu ameinama. "Limao, mama? Unaitoa?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mama Lata akaweka pamba chini ili acheke vizuri.

"Naitoa! Jamani sikilizeni! Naikoza, mwanangu. Sukari inaishikiza isibanduke. Limao linaipa nguvu. Ukitaka hina iwe nyeusi kama kahawa, ipe limao."

"Na bila hilo?"

"Leo ukiibandua utaona chungwa tu, chungwa bichi. Kesho inaanza kuwa kahawia. Kesho kutwa, siku ya harusi, ndiyo imekolea. Kwa hiyo tunapaka leo." Akamfinya Komal shavu. "Na ikikolea sana, maana yake mama mkwe anampenda. Ikififia, basi ajiandae."

"Foi, shangazi yangu, utaniletea mkosi," Komal alisema.

Epifania akakaa sasa. Akaviangalia viganja vya wanawake kimoja kimoja, wale waliokuwa wameshabandua. Chungwa. Chungwa. Chungwa. Mtoto wa miaka sita akaja kumwonyesha ua kwenye kiganja chake: chungwa, kama fanta.

Mlango wa veranda ukafunguliwa, Rachel akaingia na sinia la juisi. Glavu hakuwa nazo tena. Alikuwa amevaa gauni la kijani na saa ya dhahabu mkono wa kulia, na hina kiganja kizima, duara kubwa lililojazwa, na kila kidole kimefunikwa mpaka nusu.

"Rachel, ulisema upakwe kote kama soksi," msichana aliyekuwa anapaka alimtania. "Haya tuone, imetoka?"

"Imetoka," Rachel alisema. "Tangu saa nane nimeibandua."

"Lete," mama Lata akasema, akamvuta kiganja bila kungoja, sinia likayumba, akakisogeza kwenye miwani. Kisha akapiga kelele ya furaha. "Hee! Angalieni nyie! Bibi harusi bado ana matope mkononi, mgeni ameshakolea! Rachel, mama mkwe wako anakupenda huyo, hujamwona tu!"

Nyumba nzima ikacheka. Mtu akapiga ngoma. Rachel naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko cha wote.

Epifania akasimama. "Naomba nami nione."

Kando ya kidole gumba, palipochorwa, kulikuwa na chungwa. Lakini chini ya lile chungwa, katikati ya kiganja, kulikuwa na kahawia nzito, kahawia ya siku mbili. Haikufuata mchoro. Ilishuka kama maji yanavyoshuka. Iliingia katikati ya vidole, mahali ambapo hakuna mpakaji anayepeleka ua, ikazunguka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikapotea chini ya saa.

"Leo ni mara yako ya kwanza kupakwa hina," Epifania alisema.

"Ndiyo, afande. Nilikwambia."

"Uliniambia. Umepakwa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Vua saa, dada."

Ngoma ikanyamaza. Rachel akaangalia mlango, akaangalia sinia, akamwangalia Khyati.

"Imekaza. Ngoja nikanawe kwanza, mikono ina juisi."

Epifania akampisha. Khyati akataka kusema neno, Epifania akamwonyesha kidole: subiri. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano, akamfuata.

Bafu la wageni lilikuwa na mlango usiofunga vizuri. Bomba lilikuwa linamwaga kwa nguvu. Rachel alikuwa ameinamia sinki, saa ya dhahabu imetupwa pembeni, na mkononi ameshika nusu ya limao aliyoichukua jikoni, anasugua. Anasugua kama mtu anayetaka kufika kwenye mfupa. Palipokuwa na saa, ngozi ilikuwa safi, maji ya Jumatano hayakufika, mstari umenyooka kama umepigwa rula, juu kahawia, chini kahawia.

"Hata Jumatano ulifanya hivyo hivyo," Epifania alisema mlangoni. "Malimao mawili. Ninayo kwenye mfuko, na wekundu wake. Hukujua kwamba ulikuwa unaikoza?"

Limao likaanguka kwenye sinki.

"Ilionekana imetoka," Rachel alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jumatano usiku ilikuwa njano tu, nikasema kesho itaisha. Alhamisi nikaamka..." Akaishika mikono yake mbali na mwili, kama ya mtu mwingine. "Sikutaka kumuumiza mzee. Alinifungulia mwenyewe, nilimwambia nimesahau chaji. Chupa ikaniponyoka, akaja kwa kelele, akalishika daftari. Nilimsukuma tu anipishe."

"Daftari liko wapi?"

"Nyumbani. Chini ya godoro."

"Na zile chupa za Kibosho?"

"Niliamini ni dawa! Mwanzoni niliamini. Halafu daktari akasema anapeleka taarifa Jumatatu, na chupa zangu ziko kila mahali." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ambrosi hakunitaja?"

"Siku mbili mahabusu. Hakutaja."

Rachel akakaa kwenye ukingo wa beseni.

"Nilimsimamia ubatizo mwanae," alisema. "Ananiita mama wa ubatizo."

"Na wewe asubuhi umenambia shida zinabadilisha watu."

Filemon alitokea nyuma, makombo ya sambusa kwenye masharubu, akaona limao, akaona mkono. Akatoa pingu. Epifania akamwambia azifunge juu ya kifundo, asiguse ule mstari usio na rangi mpaka upigwe picha.

Saa kumi na dakika arobaini. Akatoka barazani, akasimama kati ya viatu vya wanawake, akapiga simu.

"Afande Thadeus, lile jalada lisitoke. Jina linabadilika."

"Ushahidi?"

"Anao mkononi. Wiki mbili nzima hawezi kuuosha." Akavuta pumzi. "Na naomba mtu akamfungulie Ambrosi sasa hivi. Mwambieni hakuna aliyemlazimisha kumtaja mtu. Tumemjua wenyewe."

Ndani, mama Lata alikuwa amemshika Komal mkono tena, anachovya pamba kwenye bakuli la limao. Hakuna aliyekuwa anacheka.